Kiti cha uvivu cha chuma cha miaka ya 1950: namna ya kukifufua kikae sebuleni na barazani

Kiti changu cha kwanza cha chuma nilikinunua kwa kilo. Kilikuwa kimelala juu ya rundo la nondo kwa mnunuzi wa chuma chakavu hapa Tanga, kimetoka kwenye nyumba ya shamba moja la mkonge. Miguu yake ya bomba ilikuwa na mkunjo ule wa viti vya uvivu vya miaka ya 1950: makalio yanakaa chini, mgongo umelala nyuma, mikono mipana ya kuwekea kikombe. Kamba za plastiki kilizosukiwa zilikuwa zimekauka hadi zinavunjika kama tambi mbichi. Siku ya kwanza nilikipiga msasa, siku ya pili nikakipaka rangi ya mafuta nyeupe, siku ya tatu kikawa barazani kinatazama bahari, na kila aliyepita alikisifia.

Masika ilipokwisha, juu kidogo ya mguu wa nyuma wa kushoto rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge la moto. Nikalitoboa kwa msumari. Yakatoka maji ya rangi ya chai, yakaendelea kutoka, mpaka nikaenda kutafuta bakuli. Nilipokiinua kiti nikasikia vipande vya kutu vinagongana ndani ya bomba. Nje nilikuwa nimepaka tabaka tatu za rangi. Ndani hakukuwa na chochote, na maji yaliyoingia hayakuwa na mlango wa kutokea.

Nilikipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Ngamiani. Akakigeuza miguu juu, akapitisha kidole kwenye vizibo vya plastiki vya miguuni, akaniambia, "Dada, mvua haina neno. Tatizo ni haya yaliyokosa pa kutokea." Tangu siku hiyo kila kiti ninachokishika nakianzia hapo: tone likiangukia sehemu hii, litapita wapi hadi lifike chini? Rangi, kamba na mito vyote vinafuata baada ya jibu la swali hilo.

Walioumizwa na chumvi kabla yetu

Si sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tu tuliopambana na hili. Florence Knoll, mbunifu Mmarekani wa kampuni ya samani ya Knoll, alikuwa na nyumba Florida, na samani zake za nje ziliharibiwa na hewa ya chumvi ya bahari. Akamwomba Richard Schultz amtengenezee nyingine zitakazoihimili. Matokeo yake ndiyo samani zinazojulikana hadi leo kwa mwaka zilipotoka, 1966: fremu za alumini, na kikalio cha kitambaa cha wavu ambacho maji yanakipenya bila kutuama.

Schultz alikuwa ameingia Knoll mwaka 1951 na kumsaidia Harry Bertoia, mchongaji mzaliwa wa Italia, kukamilisha viti vyake vya fito za chuma. Kile kinachoitwa Diamond kilitoka mwaka 1952. Kikitazamwa kwa karibu ni wavu wa fito nyembamba uliokunjwa kama kitambaa, sehemu kubwa yake ni hewa. Toleo la nje la viti hivyo siku hizi huvikwa Rilsan, aina ya nailoni inayotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, haya haya tunayopaka nywele. Toleo la kromu huuzwa kwa ajili ya ndani. Tofauti hiyo ishike vizuri, maana itakuokoa pesa.

Huko Meksiko nako, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, kilienea kiti cha fremu ya chuma chenye umbo la yai, kimesukwa kwa kamba za plastiki. Watu wanakiita Acapulco. Ukikiona utadhani kimetoka kwa fundi wa mtaani kwako, kwa jinsi kinavyofanana na viti vyetu vya kusuka.

Sasa tushike kazi.

Hatua ya 1: Kijue chuma chako

Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Iguse kwenye fremu sehemu tatu nne tofauti. Ikinasa kwa nguvu, ni chuma cha kawaida, hata kama juu kinang'aa kama kioo, kwa sababu kromu ni ngozi nyembamba tu juu ya chuma. Isiponasa na kiti ni chepesi mkononi, ni alumini. Isiponasa na kiti ni kizito, huenda ni chuma kisichoshika kutu, na hapo una bahati kubwa.

Chuma cha kawaida ndicho utakachokikuta mara nyingi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yake. Alumini haishiki kutu nyekundu, ila hewa ya chumvi huichimba vishimo vyenye unga mweupe, na ina masharti yake kwenye praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma kabla ya rangi ya juu. Kiti cha kromu kinahitaji uamuzi. Kama kromu bado nzima, kisugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa na kulowa maji, madoa madogo ya kutu yatatoka. Kikaushe, kipake nta, kiweke sebuleni kikae huko. Usikitoe barazani ukiwa karibu na bahari. Kromu ikishapasuka hata kidogo, kutu hutambaa chini yake na kuibandua kama ganda la yai. Kama tayari imebanduka na unataka kiti cha nje, itabidi uikwangue ngozi yote iliyolegea na kupaka rangi.

Hatua ya 2: Kikague kabla hujatoa senti

Kigeuze miguu juu, mchana wa jua. Kitikise karibu na sikio. Ukisikia mchakacho kama wa mchanga ndani ya bomba, kutu imeanza kula kutoka ndani. Halafu chukua mpini wa bisibisi, ugonge bomba taratibu kuanzia juu kwenda chini. Bomba zima linalia, lina mlio unaobaki kidogo hewani. Bomba lililoliwa linatoa sauti butu, kama umegonga gogo bichi. Mahali sauti inapobadilika, weka alama kwa chaki, kisha bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu za mkono. Ikizama, hapo patakatwa.

Angalia zaidi sentimita kumi za chini za kila mguu, maungio yote ya kuchomelewa, na matundu ya skrubu. Mguu mmoja kuoza si sababu ya kukiacha kiti. Lakini miguu yote ikizama na maungio ya mgongo nayo yakizama, kiache, hata kama umbo lake limekuteka moyo. Utajenga kiti kipya kwa gharama ya viwili.

Hatua ya 3: Pima, piga picha, ndipo uvue

Watu wengi hukata kamba za zamani siku ileile wanapofika na kiti nyumbani. Subiri. Piga picha mbele, nyuma na chini. Hesabu nyuzi ngapi zinapita kutoka upande hadi upande, na nafasi kati ya uzi na uzi, kisha andika. Zifuate kwa kidole ujue zinaanzia wapi na fundo la mwisho limefichwa wapi. Kata kipande kimoja cha urefu wa kiganja ukihifadhi kwenye bahasha, ndicho utakachoenda nacho dukani kulinganisha unene.

Skrubu zilizoganda zipulizie mafuta ya kupenyeza, uzilaze usiku mzima, kesho yake uzigonge kidogo kabla ya kuzifungua. Vua kila kitu kisicho chuma: vizibo, mipira ya miguu, mikono ya mbao.

Hatua ya 4: Rangi ya zamani

Hapa nakuomba usifanye haraka. Rangi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi kuliko mtu yeyote, maana linaharibu ubongo unaokua. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978 tu, kwa hiyo kiti kilichopakwa kabla ya hapo kichukulie kwamba inayo hata kama huna uhakika.

Kwa hiyo usiiparue kavu, wala usiwashe grenda juu yake. Tumia dawa ya kulainishia rangi, au msasa wa maji namba 80 ukiulowesha kila mara, ili kinachotoka kiwe tope na kisiwe vumbi. Fanya kazi juu ya karatasi ya nailoni iliyotandikwa chini, vaa glavu na barakoa ya vumbi laini, na watoto wakae mbali. Tope likusanye, lifunge, usilimwage bustanini wala mtaroni. Nguo ulizovaa zifue peke yake.

Hatua ya 5: Toa chumvi kwanza, kutu baadaye

Hili ndilo watu wa bara hawalijui, na sisi wa pwani tunalisahau. Kiti kilichokaa karibu na bahari kina chumvi ndani ya vishimo vya kutu. Ukikipaka rangi juu ya chumvi hiyo, itaendelea kuvuta unyevu kupitia rangi, na malengelenge yatatokea hata kama rangi yako ni ya bei ya juu kabisa dukani. Kabla ya msasa wa mwisho, kisugue chuma kwa brashi, sabuni na maji baridi mengi, suuza, rudia siku ya pili. Tumia maji ya bomba. Visima vingi vya pwani vina chumvi, navyo vitakurudisha ulikotoka.

Kwa kutu yenyewe, brashi ya waya na msasa namba 80, kisha 120, vinatosha sehemu zilizo wazi. Kwa viti vya waya au fito nyembamba, ambavyo mkono hauingii vizuri, asidi ya ndimu ya unga ni rafiki mkubwa. Changanya gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji, lowesha vitambaa, vizungushie sehemu zenye kutu na uzifunike kwa nailoni usiku mzima. Siki nayo inafanya kazi, ila polepole. Usitumie asidi yoyote kwenye alumini wala kwenye chuma kilichochovywa zinki, na kamwe usiichanganye na jiki, kwani hutoa gesi inayoweza kuua.

Asubuhi, suuza kwa ndoo ya maji yenye kijiko cha magadi ili kuiua asidi, suuza tena kwa maji matupu, kisha kausha papo hapo. Papo hapo maana yake kitambaa kikavu, halafu juani au mashine ya kukaushia nywele kwenye pembe na maungio. Chuma kitupu cha pwani huanza kupiga wekundu mwepesi wakati wewe bado unatafuta brashi. Nimekiona kikibadilika mbele ya macho yangu kabla chai haijapoa. Panga siku yako ili praima iingie saa hiyo hiyo, na kama kuna kutoboa au kuchomelea kwa hatua ya 6, kumalize kwanza.

Hatua ya 6: Yape maji mlango

Ungekuwa na muda wa hatua moja tu, ningekushauri uchague hii.

Kisimamishe kiti kama kitakavyosimama siku zote. Chukua kikombe cha maji, umwage polepole kwenye kila sehemu: juu ya mgongo, kwenye mikono, kwenye ungio la kikalio na mguu. Fuata maji kwa macho. Kuna mahali yatasimama, mara nyingi kwenye pembe ndogo kati ya mabomba mawili yaliyochomelewa ubavu kwa ubavu. Paweke alama. Pembe ya namna hiyo itazibwa kwa lehemu mfululizo, au ijazwe gamu ya poliurethani baada ya praima, ili maji yateleze.

Kwa mabomba, tafuta sehemu ya chini kabisa ya kila bomba, si miguu tu. Mkono uliopinda katikati una bonde lake, na reli ya mbele ya kikalio ina lake. Toboa tundu la milimita 5 upande wa chini, pasipoonekana. Wengine huogopa kwamba tundu litaingiza maji. Maji tayari yanaingia, kupitia tundu la skrubu, kupitia ufa wa lehemu, na kama mvuke unaogeuka matone usiku bomba linapopoa. Huwezi kuyazuia yote, ila unaweza kuyatoa.

Kabla ya kuendelea, kama kuna sehemu ya kukata, peleka kwa fundi sasa. Mwambie akate hadi chuma kizima, achomeke kipande cha bomba jembamba ndani kama mfupa, ndipo achomelee. Kubandika kiraka juu ya tundu kunatengeneza mfuko mpya wa maji. Kama kiti kimechovywa zinki, fundi aondoe zinki kwenye sehemu ya kuchomelea na afanye kazi mahali pa wazi, moshi wake unaleta homa kali.

Halafu linda ndani. Zimua redoksaidi, praima nyekundu ya kuzuia kutu, kwa tina (kizimulio cha rangi) hadi itiririke kama maziwa, ziba matundu ya chini kwa vijiti, mimina ndani ya bomba kupitia juu, kisha kizungushe kiti pande zote kama unayezungusha gudulia unaloliosha. Toa vijiti, iache ichuruzike yote kwenye kopo. Baada ya kukauka, pitisha njiti ya kiberiti kwenye kila tundu kuhakikisha halijaziba. Kazi hii inachafua mikono na hakuna mgeni atakayeiona, lakini ndiyo iliyonifanya niache kuchomelea miguu mipya kila mwaka.

Mwisho ni mipira ya miguu. Ile ya kikombe inayofunika ncha ya bomba hushika maji kama bilauri. Itoboe chini kwa msumari wa moto, au badala yake tumia vizibo vya kuingia ndani ya bomba vyenye tundu katikati.

Hatua ya 7: Praima na rangi

Chagua njia kulingana na mfuko wako, lakini usichanganye njia.

Njia ya mfuko mdogo ni redoksaidi mara mbili na rangi ya mafuta mara mbili. Ni rahisi kuipaka, ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, na ni rahisi kuirekebisha. Kwa uzoefu wangu hapa Tanga inavumilia misimu miwili ya masika kabla ya kudai marekebisho ya maana. Kiti kikikaa zaidi ndani, itadumu sana.

Njia ninayoipenda kwa kiti cha nje ni praima yenye unga wa zinki tabaka moja, epoksi ya kuchanganya kopo mbili tabaka moja, kisha poliurethani ya kopo mbili tabaka mbili. Zinki hujitoa mhanga, inaliwa yenyewe kabla ya chuma. Epoksi inaziba. Poliurethani inaikinga epoksi dhidi ya jua, kwa sababu epoksi ikiachwa wazi juani hugeuka unga kama chaki. Rangi hizi za kopo mbili zina kemikali inayodhuru mapafu. Ukizipuliza kwa kompresa, barakoa ya kitambaa haitoshi hata kidogo. Kazi hiyo mpe mtu mwenye vifaa.

Sasa onyo ambalo wauza rangi wengi hawalisemi: usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki. Mafuta ya rangi yakikutana na zinki hugeuka taratibu kuwa aina ya sabuni, na rangi inabanduka mapande mapande. Kati ya zinki na rangi ya juu lazima pawe na epoksi au praima maalumu ya zinki.

Rangi ya unga inayookwa kwenye oveni, kwa joto la karibu nyuzi 180 hadi 200, inavutia na ni ngumu. Udhaifu wake ni kwamba ikimeguka mahali padogo, kutu hutembea chini yake bila wewe kuona. Ukiichagua, sisitiza iwekwe praima ya zinki au epoksi chini yake. Kuchovya kiti kizima kwenye zinki ya moto ni kinga ya juu kuliko zote kwa bomba nene, lakini zinki hiyo ina joto la karibu nyuzi 450: fito nyembamba zinaweza kupinda, na bomba lisilo na matundu linaweza kulipuka. Matundu yako ya hatua ya 6 yawepo kwanza, na mwonyeshe mwenye kiwanda aone kama yanatosha.

Kwa alumini, usitumie redoksaidi. Isugue kidogo kwa msasa namba 240, ifute kwa tina, na siku hiyo hiyo ipake praima ya alumini au epoksi. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kwa hiyo weka washa ya nailoni kati yao na grisi kwenye nyuzi za skrubu.

Namna ya kupaka. Kitundike kiti miguu juu kwenye mti au boriti. Anza na brashi ndogo kwenye maungio yote, kingo na vichwa vya skrubu, upake hapo peke yake kwanza. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ncha na kuacha ngozi nyembamba, ndiyo maana kutu huanzia huko. Baada ya hapo paka kiti kizima, ukianza na upande wa chini, maana ndio utakaouonea uvivu mwishoni.

Muda nao una maana kubwa. Paka asubuhi baada ya umande kukauka, kati ya saa tatu na saa saba. Jioni ya pwani inaleta unyevu, na rangi iliyolowa umande hupoteza mng'ao na nguvu. Unyevu hewani ukizidi asilimia 85, acha kazi. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, paka rangi ndani ya banda lenye hewa, kwani unabeba vumbi la maji ya chumvi na kulitua katikati ya tabaka zako.

Hatua ya 8: Kusuka

Iache rangi ikomae wiki nzima. Kamba iliyobanwa juu ya rangi changa itaing'oa.

Kwa kiti kinachotoka na kuingia, kamba ya plastiki ya PVC yenye unene wa milimita 5 au 6 inafaa kuliko mkonge, pamba au ukindu, ambavyo naviheshimu sana lakini ni vya ndani. Pima uzi mmoja kutoka reli hadi reli, zidisha kwa idadi uliyoandika hatua ya 3, ongeza sehemu moja ya kumi kwa mafundo.

Kabla ya kusuka, tandaza kamba juani nusu saa. Ikipata joto inalainika na kuvutika, ukisuka hivyo, ikipoa jioni inajikaza yenyewe. Vuta kila uzi kwa mkono mmoja, bonyeza katikati kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Uzi uliokaa vizuri unashuka kama upana wa kidole na kurudi. Ukishuka zaidi, baada ya mwezi utakuwa umekalia mkeka uliolegea. Usiposhuka kabisa, kamba itakata siku mtu mzito atakapojitupa kitini. Usivute ukidhani utarekebisha mwisho, kila uzi unabeba mwenzake. Mafundo yaweke upande wa chini wa reli, na usiyabananishe mahali pamoja yakashika maji.

Rangi nyeusi na za kukolea zinapendeza, ila mchana wa saa nane zinachoma mapaja. Mimi nasuka kijani cha minazi au krimu kwa kiti cha barazani.

Hatua ya 9: Nguo mbili, kiti kimoja

Kiti kilichokwisha kulindwa namna hii hakihitaji kubadilishwa kinapotoka sebuleni kwenda nje. Unabadilisha nguo tu.

Mto wa nje: usikubali sponji la godoro. Linanyonya maji na kukaa nayo siku tatu hadi linuke. Tafuta sponji lenye matundu makubwa yanayopitana, ambalo ukilimwagia kikombe cha maji juu, yanatokea chini mara moja. Unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha. Kitambaa kiwe cha akriliki iliyotiwa rangi kwenye uzi kabla ya kufumwa. Ukikata karoti, rangi yake imo hadi ndani, hata ukiimenya haibadiliki, na kitambaa hicho ni hivyo. Cha kuchapwa rangi juu kinapauka juani. Mwambie mshonaji atumie uzi wa poliesta, zipu ya plastiki, na upande wa chini aweke wavu. Kanda mbili za kufungia kwenye reli zizuie mto kuruka na upepo.

Mto wa ndani uwe na foronya ya kitenge au khanga, na hapo sponji la kawaida linaruhusiwa. Ukikiingiza ndani, futa miguu kwanza, kisha ivalishe soksi za ngozi au manyoya ya kubandika, mchanga wa barazani unakwaruza vigae vibaya. Ukikitoa nje, zivue hizo soksi. Zikilowa zinakuwa sifongo kwenye mguu wa chuma.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Kila wiki kimwagie maji baridi ya bomba na ukifute, hata kama hakionekani kuwa na uchafu. Chumvi haionekani. Kila baada ya miezi mitatu kipake nta ya gari, ukianzia chini. Ukiona mkwaruzo uliofika kwenye chuma, usiupe nafasi hadi mwisho wa mwezi: usugue kwa msasa, ufute, weka tone la praima na tone la rangi siku hiyo hiyo. Mimi huhifadhi chupa ndogo mbili za rangi kwa kazi hiyo kwenye droo ya jikoni, zimeandikwa jina la kiti.

Na masika inapokaribia, kigeuze miguu juu, chukua njiti ya kiberiti, upitie tundu moja moja. Nyigu wa udongo wanayapenda sana matundu ya milimita 5. Mwaka jana nilitoa vizibo vitatu vya udongo kwenye kiti kimoja, na nyuma ya kizibo cha tatu yalitoka maji kama nusu kijiko, ya rangi ya chai.